Heda za Pikapu: Fupi, Ndefu au Ibaki ya Kiwandani? (Sehemu ya Pili)

Makala iliyotangulia iliishia kwenye ule mlio wa tik-tik-tik unaosikika asubuhi injini ikiwa ya baridi, kisha hupotea gari likishapata moto. Wenye Chevrolet Silverado za lita 5.3, zilizoanza kuuzwa Marekani kama modeli ya mwaka 1999, wanaujua vizuri. Silinda hedi za injini hizo ni za alumini. Manifoldi ya kutolea moshi ni ya chuma cha kalibu. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho, hivyo kila safari viwili hivi huvutana, na anayeumia ni boliti iliyobanwa katikati. Za mwishomwisho ndizo hukatika kwanza, hasa zile za nyuma, karibu na kabini, mahali ambapo mkono wa fundi haufiki kirahisi. Moshi hupenya kwenye mwanya ukilia. Vyuma vikitanuka, mwanya huziba na kelele hukoma.

Hapo ndipo wengi huanza kuwaza heda. Boliti iliyokatika lazima ing'olewe na manifoldi ishushwe, kwa hiyo sehemu kubwa ya gharama ya ufundi italipwa tu, kirudishwe chuma cha zamani au kifungwe kipya. Ni wakati mwafaka. Kasoro iko kwenye matangazo: muuzaji hutaja nguvu za farasi zilizoongezeka, lakini mara nyingi hasemi zimeongezeka injini ikizunguka mara ngapi.

Heda ni seti ya mabomba ya chuma, moja kwa kila silinda, yanayokutana mbele ya safari kwenye bomba moja kubwa. Faida yake inaonekana ukitazama mpangilio wa kuwaka wa injini hii: 1-8-7-2-6-5-4-3. Silinda namba 2 na 6 ziko upande mmoja na huwaka zikifuatana; upande wa pili, namba 3 hufuatwa na namba 1. Ndani ya manifoldi fupi ya kiwandani, moshi wa silinda moja hukutana na wa jirani yake njia ikiwa bado finyu. Heda huitenganisha mikondo hiyo. Mabomba yakiwa na urefu unaofaa, moshi uliotangulia huacha nyuma yake mgandamizo mdogo, nao huvuta mabaki yaliyobaki ndani ya silinda.

Mvuto huo, hata hivyo, huinufaisha zaidi injini ambayo valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi hubaki wazi pamoja kwa muda. Kemshafti ya pikapu ya kazi haikuchongwa hivyo. Imechongwa kwa ajili ya kuvuta mzigo taratibu, na muda huo ni mfupi sana. Ndiyo maana heda ileile inayofanya maajabu kwenye gari la mashindano huleta badiliko la wastani tu kwenye Silverado ya kupelekea watoto shule.

Kipenyo cha bomba ndicho huwapoteza wengi. Heda za injini hizi huuzwa kwa vipenyo vya inchi 1 5/8, 1 3/4 na 1 7/8. Tofauti ya robo inchi inaonekana ndogo, lakini tundu la kubwa kabisa lina eneo lililozidi la dogo kwa takriban theluthi moja. Moshi uleule ukipita humo, kasi yake hupungua kwa kama robo. Juu ya mizunguko 5,000 kwa dakika, ambako moshi ni mwingi, nafasi hiyo ina kazi. Pikapu ya kila siku hukaa muda mwingi kati ya 1,500 na 2,500. Kwa injini ambayo haijabadilishwa kemshafti, inchi 1 5/8 inatosha. Anayevuta tela mara kwa mara anaweza kufikiria 1 3/4. Ile ya 1 7/8 waachiwe wenye injini zilizofumuliwa.

Fupi au ndefu? Ndefu huvuta vizuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini hushuka chini, hubanana na shafti ya mbele kwenye gari la 4x4, na kwa kawaida hulazimisha masega (kataliti za kusafisha moshi) kuhamishwa nyuma zaidi. Masega hayo huhitaji kufikia nyuzi joto kama 250 hadi 300 za Selsiasi ndipo yaanze kusafisha moshi, na yakiwa mbali na injini huchelewa. Sensa za oksijeni nazo huhama, nyaya hurefushwa, na mara nyingi taa ya injini huwaka kwenye dashibodi.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuondoa au kuvuruga vifaa vya kudhibiti moshi wa gari. California imekwenda mbali zaidi: heda ya gari la barabarani iwe na namba ya idhini ya bodi ya hewa ya jimbo hilo, na mkaguzi huitafuta kwa macho chini ya boneti. Heda fupi, zinazofungwa palepale pa manifoldi bila kugusa masega, ndizo hupata idhini hiyo kwa urahisi. Kwa mtu anayeamka na kwenda kazini, hizo ndizo za kuchagua.

Msomaji mwenye Hilux ya dizeli yenye turbo asihangaike na haya yote. Turbo hiyo imefungwa kwenye manifoldi, nayo ndiyo inayokula nguvu ya moshi.

Kuhusu chuma, chuma cha kawaida kilichopakwa rangi hakifai Michigan wala Ohio, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Chuma cha pua cha daraja la 304 hustahimili kutu kuliko 409, ila bei yake iko juu na hutanuka zaidi. La muhimu kuliko daraja ni unene wa flanji: yenye milimita 9 na ushei hukaa bapa, nyembamba hupinda na ule mlio wa asubuhi hurudi. Baada ya safari chache za mwanzo, injini ikiwa imepoa kabisa, boliti zikaguliwe na zilizolegea zikazwe, na nyaya za plagi zitazamwe kama hazigusi bomba.

Makala ijayo itashuka hadi kwenye mafla.