Huzuni Yenye Upande wa Pili

Mwanachama akiacha kuja mkutanoni, asipolima wala kuoga, usiku akikesha na mchana akijifungia ndani, sisi husema ni mvivu, au amerogwa. Hali hiyo ikidumu majuma mawili au zaidi, huenda ni ugonjwa wa huzuni nzito, nao unatibika. Lakini huzuni hii ni ya aina mbili, na dawa zake si zile zile.

Aina ya kwanza ina upande mmoja. Mgonjwa anashuka, anapata nafuu, labda baada ya miaka anashuka tena. Hapandi kupita kiasi.

Ya pili madaktari huiita baipola. Mtu akishuka huwezi kumtofautisha na yule wa kwanza kwa kumtazama. Ila kuna wakati anapanda. Tuseme ni mama wa kikundi chenu. Juma zima analala saa mbili tu kwa usiku na hachoki. Anaongea bila kituo, anauza ng'ombe wa maziwa ili afungue hoteli, anasema Mungu amemtuma kuijenga parokia upya. (Kusali sana si ugonjwa, jamani! Angalia kama amebadilika.) Wengine hupanda kidogo tu, siku chache, na watu huwasifu kwa bidii.

Shida ni hii: mtu huenda hospitali akiwa ameshuka, maana akipanda anajiona mzima kabisa. Daktari anaona huzuni peke yake, anampa dawa ya huzuni, kwa mfano amitriptilini. Kwa mwenye baipola, dawa hiyo pekee yaweza kumrusha juu. Yeye huhitaji dawa ya kumtuliza pande zote mbili, kama lithiamu, ambayo hutaka damu ipimwe mara kwa mara, au valproeti. Valproeti hudhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mama anayeweza kushika mimba amwambie daktari mapema.

Basi anayemsindikiza awe mtu anayeishi naye, na asingojee kuulizwa. Aseme: "Daktari, mwaka jana hakulala juma zima, akauza ng'ombe." Aseme pia kama kuna wa ukoo aliyeugua hivyo, kwani ugonjwa huu hufuata familia.

Akitaja kufa, msimwache peke yake. Ondoeni dawa za shamba nyumbani, mpelekeni siku hiyo hiyo. Na akipanda, mweka hazina asimpe mkopo kabla watu wa nyumbani hawajajua.