Kambare na ngege kidimbwi kimoja: Je, watapatana?

TUSEME wewe ni mzaliwa wa Matinyani, Kitui Magharibi, na riziki yako iko Nairobi. Ulituma pesa nyumbani, kidimbwi kikachimbwa kando ya shamba na kutandikwa karatasi nzito ya plastiki ili maji yasinywewe na udongo. Mvua ya Novemba ikakijaza. Ukatia vifaranga wa ngege, yaani tilapia, pamoja na kambare wa kila ukubwa. Miezi michache baadaye mama anakupigia simu: "Mwanangu, samaki wanapungua na sioni mwizi."

Mwizi yupo, mpenzi msomaji. Ni wewe uliyemkaribisha.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata hivyo, samaki hawapigani kwa chuki. Ugomvi wao huletwa na mambo matatu: kinywa, njaa na nafasi.

Kambare ni mwindaji wa usiku. Hupapasa gizani kwa sharubu zake, na samaki yeyote anayetoshea kinywani mwake kwake ni chakula. Hajali undugu. Hata vifaranga waliozaliwa siku moja, mmoja akiwazidi wenzake kwa ukubwa, huanza kwa kuwang'ata mikia na mwishowe kuwameza wazima.

Ngege naye si malaika. Dume huchimba kiota cha mviringo chini ya maji na kumfukuza kila dume anayekaribia.

Wanaofuga samaki wa baharini katika matangi ya vioo wanayajua haya vizuri. Chewa akiwekwa pamoja na samaki wadogo, asubuhi hutawaona. Lakini ndani ya kioo ugomvi unauona. Katika kidimbwi maji huficha, na hasara huijua siku ya kuvua.

Je, ufanye nini?

Kwanza, usidhani hawa wawili hawawezi kabisa kukaa pamoja. Ngege huzaana upesi mno, wakajaa na wote wakadumaa. Kambare wachache husaidia kwa kuwala watoto hao. Siri ni mpango. Tanguliza ngege, wakue kidogo, kisha utie kambare walio wadogo kuliko wao. Kambare 5 hadi 10 kwa ngege 100 wanatosha.

Pili, unaponunua vifaranga, hakikisha wanalingana. Ikiwa unafuga kambare peke yao, watenge kwa ukubwa kila baada ya wiki moja au mbili wangali wachanga.

Tatu, walishe kwa saa maalumu na utawanye chakula kila upande. Ukikimwaga mahali pamoja, wenye nguvu watakula na wanyonge watashinda njaa. Aliye na njaa humgeukia mwenzake.

Nne, usiwasonge. Serikali ilipoanzisha mpango wake wa vidimbwi mwaka 2009, kipimo kilikuwa vifaranga 1,000 kwa kidimbwi cha mita mraba 300.

Hapo ndipo mtu wa Matinyani anapaswa kuwa macho zaidi. Kiangazi kikikaza, silanga hukauka na maji ya kidimbwi hushuka. Samaki walioishi kwa amani mwezi wa Desemba hujikuta Agosti wamebanana, nao wamekua. Hewa majini hupungua. Ngege hudhoofika, lakini kambare huweza kuja juu kuvuta hewa, na uwindaji wake huendelea. Usingoje hali hiyo. Maji yakianza kushuka, vua wakubwa mapema, uwale au uwauze.

Kwa hivyo, utakapompigia mama simu Jumapili hii, usimwulize tu samaki wamebaki wangapi. Mwulize kama wanalingana, kama wanashiba na maji yamefika wapi. Majibu hayo matatu ndiyo yatakayokuambia kama pesa zako zinakua, au zinaliwa usiku.