Kufufua Yamaha AG100 nyumbani: injini kwanza, rangi mwisho

Mwezi huu nimepigiwa simu na vijana wawili kwa jambo lile lile. Wameona AG100 chakavu imeegeshwa nyuma ya nyumba ya mtu, bei inavutia, wanataka kujua kama waichukue waitengeneze wenyewe iwe pikipiki ya shamba. Jibu langu ni ndiyo, ila kwa mpangilio. Mimi yangu niliianza kichwa chini miguu juu, na nusura inizikie Kitonga.

Kwa ambao hawaijui, hiyo AG inatokana na neno la Kiingereza la kilimo. Yamaha waliitengeneza kwa ajili ya kazi za mashambani, Australia na New Zealand zikiwemo. Ndiyo maana imekuja na keria mbele na nyuma, na cheni imefunikwa yote isile vumbi na tope. Injini yake ni ndogo, cc 97, ya mipigo miwili, yaani inachoma oili pamoja na petroli kama lile bomba la kupulizia dawa la injini. Tofauti ni kwamba huchanganyi mwenyewe. Oili ina tanki lake, na kuna kipampu kinachoipeleka taratibu. Kipampu hicho kikumbuke, tutarudi kwake.

Kabla hujauliza bei, omba kadi. Nyingi ya pikipiki hizi zilikuwa za serikali, misheni au miradi, zikauzwa, zikapita mikono mitatu minne. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa shingoni na iliyo kwenye kadi, halafu namba ya injini. Kama mwenye jina kwenye kadi ni marehemu, subiri familia imalize mirathi. Usipokee maneno ya "tutamalizana tu kijana wangu". Chuma bila kadi unanunua spea, hununui pikipiki, na bei iwe ya spea. Ukija kubadilisha injini au rangi, pitia ofisi ya TRA taarifa zirekebishwe, maana kwenye kadi vyote vimeandikwa.

Sasa kisa changu. Nilipoipata nilikuwa na haraka ya kuiona inang'aa. Nikafungua mirija na waya zote, nikapiga msasa, nikapaka rangi chesisi na tanki, nikarudisha, nikapiga kiki, ikawaka. Furaha tupu! Wiki hiyo hiyo nikateremka Ruaha Mbuyuni, nikarudi na magunia mawili ya vitunguu vya ndugu yangu kwenye keria niliyoichomelea mwenyewe. Kwenye kona za Kitonga, lori mbele na lori nyuma, injini ikaanza kulia kama inasaga mawe, kisha tairi la nyuma likafunga. Kama nisingekamata klachi haraka ningelala chini ya lori. Fundi alipoifungua Ilula aliuliza swali moja tu: "Bwana shamba, ulitoa upepo kwenye pampu ya oili?" Sikuwa nimetoa. Nilipochomoa mrija ili nipake rangi, hewa iliingia, pampu ikawa inasukuma upepo, na pistoni ikapanda Kitonga kavukavu. Imenoki. Pesa ya mbolea ya kukuzia ya msimu ule ndiyo iliyochonga silinda.

Basi injini iwe ya kwanza. Kama imekaa miaka na kiki haishuki, usiilazimishe kwa miguu miwili. Toa plagi, mimina dizeli na oili kidogo kwenye tundu, iache siku mbili, kisha weka gia ya juu uwe unasukuma tairi la nyuma mbele na nyuma polepole mpaka ilegee. Ikizunguka, fungua kichwa na silinda. Michirizi mirefu kwenye ukuta wa silinda inakwambia imewahi kunoki. Silinda itachongwa na utaweka pistoni kubwa kidogo. Zipo zinazopanda kwa robo milimita, kwa hiyo muulize fundi imeshachongwa mara ngapi. Shika ule mkono unaobeba pistoni, uuvute juu na chini. Ukicheza juu na chini hata kidogo, krenki imechoka. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida.

Halafu sili za krenki. Hapa vijana wengi wanadanganyika, kwa sababu sili iliyokufa haionekani kwa nje. Ya upande wa magineti ikivuja, injini inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, inapata moto na inanoki hata kama oili ipo. Ya upande wa klachi ikivuja, inanyonya oili ya gia na kuichoma: moshi mweupe hauishi, na oili ya gia inapungua bila kuona tone chini. Pikipiki iliyokaa juani miaka mitano, badilisha sili zote mbili bila kujadiliana. Ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na pistoni.

Kisha kile kipampu. Jaza oili ya mipigo miwili, angalia chupa imeandikwa JASO FC au FD. Usiweke oili ya injini za kawaida. Legeza ile skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye pampu, acha oili itoke mpaka mapovu yaishe, funga. Lita 2 za kwanza za petroli zichanganye na oili kwa mkono, mililita 40 kwa kila lita. Itatoa moshi mwingi, jirani atalalamika, mwache. Unasubiri ule mrija mwembamba unaoelekea upande wa kabureta ujae oili bila povu hata moja. Hapo tu ndipo unatumia petroli tupu.

Kabureta isafishe kwa petroli na upepo wa kompresa. Matundu ya jeti usichokonoe kwa waya wa chuma, yakitanuka kidogo tu umebadilisha ulaji wake. Uzi wa nailoni unatosha. Tanki lenye kutu lijaze siki likae siku nzima, tia na kokoto ukalitikise, lisuuze kwa maji yenye magadi, likaushe juani siku hiyo hiyo, kisha lizungushie petroli yenye oili kutu isirudi. Kama limetoboka, usimpe fundi wa kuchomelea likiwa na harufu ya petroli. Tanki tupu lenye mvuke linalipuka kuliko lililojaa.

Kitu kimoja kilichonisaidia kwenye kufungua: zile trei za kitalu cha nyanya. Kila tundu bolti yake, kwa mpangilio wa kutoka, na picha ya simu kila hatua. Skrubu za pembeni ya injini za Kijapani zimekaza sana, bisibisi ya kawaida inazila vichwa. Azima ile ya kugonga kwa nyundo. Pande la karatasi ngumu lilitosha kunichorea ramani ya waya. Angalia pia kama mfumo wako ni wa volti 6 au 12 kabla ya kununua betri na balbu.

Breki usifanye uchumi. Ni za ngoma mbele na nyuma, na kwa mzigo mlimani zinapata moto. Vumbi la ndani lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize, shuu za zamani zingine zina asbesto. Beringi za shingo, bushi za nyuma, spoki, matairi: kinachocheza badilisha.

Tukishafika hapo ndipo unaigeuza iendane na kazi yako. Nimeona keria ndefu kama kitanda, mzigo wote uko nyuma ya ekseli. Mlimani tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani haukutii, ndivyo yangu ilivyokuwa Kitonga hata kabla ya kunoki. Keria iwe fupi na imara, uzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na ifungwe kwa bolti kwenye masikio ya kiwandani. Usichomelee karibu na shingo ya chesisi, chuma pale kinapasuka. Tenga la nyanya likijaa ni kama kilo 40. Kwa injini hii moja nyuma linatosha, na vitu vyepesi keria ya mbele. Anayetaka matenga manne anahitaji guta. Bomba la kupulizia la lita 16 nimelitengenezea kikapu cha nondo nyembamba kinachotoka kwa bolti mbili, maana dawa haisafiri keria moja na mavuno.

Kwa nguvu za kupandia, wengi wanakimbilia sproketi kubwa ya nyuma, wanakuta haiingii kwenye kifuniko cha cheni, wanakitupa kifuniko. Usikitupe, ndicho kinachofanya cheni idumu shambani. Punguza jino moja kwenye sproketi ndogo ya mbele. Kutoka meno 14 kwenda 13 unapata karibu asilimia 8 ya kuvuta, na spidi inashuka kiasi hicho hicho, jambo ambalo shambani halikuumizi.

Mtaji uhesabu hivi: bei ya kununua, pistoni na kuchonga, sili, beringi, breki, matairi, betri, na gharama za kadi. Jumla ikivuka nusu ya bei ya pikipiki mpya dukani, mimi binafsi naiacha, labda uwe unaipenda tu, na hilo nalo si kosa. Fanya kazi hii baada ya mavuno, si wakati miche iko kitaluni inakusubiri.

Rangi sasa paka unayoitaka. Kilomita 500 za mwanzo nenda bila mzigo na usiifinye sana, pumzisha kila baada ya nusu saa. Kila siku chache toa plagi uitazame. Rangi ya unga wa kahawa, uko sawa. Nyeusi yenye mafuta, oili imezidi au kabureta inamwaga. Nyeupe kama jivu, zima hapo hapo, usiipandishe Kitonga.