Mwisho wa Baridi: Mfunue Mtoto Umtazame Kifua

  

Mwezi wa nane unaelekea kwisha. Kwetu sisi tunaoishi Kinangop, Ol Kalou na kandokando ya milima ya Aberdare, baridi iliyoanza mwezi wa sita sasa inapungua. Mchana jua huchungulia kidogo. Viazi vinachimbwa, malori yako barabarani, watoto wa shule wako likizo, na wewe mama unaamka kungali giza ili maziwa yawahi gari. Kazi ni nyingi, na ni rahisi kusema, "Baridi imekwisha, hicho kikohozi kitaisha chenyewe."

Lakini Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Jua likitua, baridi hurudi. Mtoto aliyekohoa wiki nzima anaweza kuzidiwa usiku mmoja, nawe usijue kwa sababu amefunikwa sweta mbili, kofia na blanketi. Kwa hivyo leo ninakuomba jambo moja: kabla hamjalala, mfunue umtazame kifua.

Tunatafuta nini? Tunatafuta nimonia, yaani homa ya mapafu. Baridi peke yake haileti nimonia. Huletwa na vijidudu. Lakini wakati wa baridi tunafunga madirisha, tunalala wengi chumba kimoja, na moshi wa jiko unadhoofisha mapafu ya mtoto. Hapo vijidudu hupata nafasi.

Fanya hivi. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Inua nguo zake. Chukua saa au simu, uhesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja.

Mtoto mwenye kikohozi anapumua haraka kupita kiasi ikiwa:
- hajafika miezi 2, na umehesabu 60 au zaidi;
- ana miezi 2 hadi 12, na umehesabu 50 au zaidi;
- ana mwaka 1 hadi 5, na umehesabu 40 au zaidi.

Ukipata hesabu hiyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje viazi viishe kupakiwa.

Kisha tazama pale mbavu zinapoishia. Je, anapovuta pumzi sehemu hiyo inaingia ndani? Hiyo ni dalili mbaya. Ukiona hivyo, au hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Amsha jirani, tafuta pikipiki. Na mtoto wa chini ya miezi 2 akikataa kunyonya, akiwa moto sana au baridi sana, au akipumua haraka, usimngoje hata saa moja.

Usimpe dawa iliyobaki ya kaka yake, wala usimpake mafuta ya taa kifuani. Mhudumu wa afya atampima na kumpa dawa inayofaa. Ukipewa dawa, mpe siku zote ulizoambiwa, hata akianza kucheza.

Sasa tuseme juu ya jiko la makaa. Wengi wetu huliingiza chumbani usiku ili mtoto apate joto. Mama, jiko hilo linaua. Makaa yakiwaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu, yasiyo na moshi, bado huitoa. Watu hulala wasiamke. Kabla ya kulala, toa jiko nje. Mtie mtoto joto kwa nguo kavu, soksi, kofia, na mwili wako.

Mkiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu nyote kwa pamoja, fungueni mlango, tokeni nje, mwende hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hiyo, tena anaweza kupaliwa.

Mwisho, fungua kitabu cha kliniki. Chanjo ya kukinga nimonia, inayotolewa Kenya tangu 2011, hupewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama moja imepita, mpeleke. Na mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake.

Ikiwa mchana unamwachia nyanya au dada mtoto, mfundishe naye kuhesabu. Jioni ya leo mjaribu pamoja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Mtoto wa miezi 8 anakohoa na umehesabu 54. Utafanya nini?
2. Usiku, jiko lenu hubaki wapi?
3. Mtoto akizidiwa saa nane za usiku, nani kijijini atawapeleka hospitali?