KAVA YA CHINI YA INJINI: TUITENGENEZE WENYEWE

Vikundi vingine vina pikapu kuukuu ya kupeleka maziwa na mboga sokoni. Barabara zetu za mawe hazihurumii gari, na mara nyingi kitu cha kwanza kuvunjika ni ile kava ya plastiki iliyo chini ya injini. Inaanza kuning'inia, kisha dereva anaing'oa na kuitupa. "Si gari linatembea tu?" anasema.

Ni kweli linatembea. Lakini kava ile ina kazi yake. Inazuia maji na matope yasirukie belti, alteneta na nyaya. Belti ikiloa huteleza, na mchanga huila upesi. Katika magari mengine kava pia huongoza upepo kwenye radieta, na bila hiyo injini inaweza kuchemka mlimani.

Kama kava mpya ni ghali, tunaweza kutengeneza nyingine.

Tutumie nini?

Pipa la plastiki la lita 200 linafaa, lile lenye unene wa milimita 3 hivi. Kipande cha sentimita 80 kwa 60 kina uzito wa kilo moja na nusu tu. Aluminiamu ya milimita 2 hufika kilo mbili na nusu. Chuma cha unene huo hufika kilo saba na nusu, na kikilegea njiani ni hatari. Mabati ya paa ni membamba mno, yatapiga kelele na kupasuka. Msichukue pipa lililokuwa na sumu ya kunyunyizia mimea. Na pipa la chuma lililobeba petroli lisikatwe kwa moto hata likionekana tupu, kwa maana mvuke uliobaki unaweza kulipuka.

Namna ya kutengeneza

1. Kwanza usalama. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza, ni kifo. Tumieni shimo la gereji, au stendi za chuma mahali pagumu palipo sawa. Vuteni breki ya mkono na kuzuia magurudumu yaliyo chini. Injini iwe imepoa.

2. Chukueni kava ya zamani, hata ikiwa vipande vipande, muiweke juu ya katoni na kuchora umbo lake pamoja na matundu yote. Kama imepotea, pimeni katoni chini ya gari penyewe.

3. Kateni ubavu wa pipa, muulaze juani chini ya mbao na mawe mpaka unyooke. Kisha kateni kwa kufuata katoni na kulainisha kingo kwa tupa.

4. Fungeni kwenye matundu yale yale ya zamani. Msitoboe chesisi wala sampu ya oili. Plastiki hutanuka kwa joto, kwa hiyo matundu yawe marefu kidogo, na kila boliti iwe na washa pana.

5. Acheni nafasi ya kumwagia oili na ya kubadilishia filta. Toboeni pia matundu madogo ya kutoa maji. Oili ikikusanyika juu ya kava karibu na joto, inaweza kuwaka.

6. Plastiki ikae mbali na bomba la moshi, angalau upana wa kiganja. Plastiki ya pipa huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, na bomba hupata joto kuliko hilo. Mahali pa bomba pakatwe wazi, au pawekwe aluminiamu.

Baada ya kufunga, endesheni pole pole kidogo. Angalieni geji ya joto, sikilizeni kelele, nuseni kama kuna harufu ya kuungua. Kazeni boliti tena baada ya wiki moja.

Jambo la mwisho, tusidanganyike. Kava hii inazuia matope na kokoto, haizuii jiwe kubwa. Jiwe likipasua sampu, oili yote humwagika na injini inaweza kufa kwa dakika chache. Taa ya oili ikiwaka, dereva azime injini papo hapo. Kama njia yenu ni ya mawe makubwa, mwoneni fundi wa jua kali awachomelee ngao ya chuma ya kukinga sampu.

Ile katoni msiitupe. Iandikeni aina ya gari na kuiweka pamoja na vitabu vya kikundi. Kava ikivunjika tena, kazi itakuwa nusu.