Jua kali, giza refu: Jinsi majira yanavyogusa nyoyo za watu

Kila ifikapo mwishoni mwa mwezi Oktoba, nchi nyingi za Ulaya hurudisha saa nyuma kwa muda wa saa moja, na ghafla jioni huingia mapema kuliko ilivyozoeleka. Kwa wenyeji, hiyo ni ishara kwamba majira ya baridi yamebisha hodi. Kwa wahamiaji kutoka Afrika Mashariki na Kati, hasa wanaopitia mwaka wao wa kwanza ughaibuni, huo huwa mwanzo wa kipindi ambacho wengi wao hawakuelezwa habari zake kabla ya safari. Kuhusu baridi walionywa, na makoti wakanunua. Kuhusu giza hawakuambiwa kitu.

Hata hivyo, wataalamu wengi wa afya ya akili wanaamini kwamba upungufu wa mwanga, zaidi ya baridi yenyewe, ndio unaowanyong'onyeza watu katika miezi hiyo. Na katika nchi za joto kali, kama zile za Ghuba, kiangazi nacho huleta unyonge wake kwa njia inayofanana: kwa kuwafungia watu ndani ya nyumba.

Siku ya saa 12

Katika nchi zilizo karibu na mstari wa ikweta, mchana na usiku hugawana siku takriban nusu kwa nusu mwaka mzima. Mjini Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa haifiki robo saa. Dar es Salaam, tofauti hiyo haifiki saa moja. Hata utaratibu wa kuhesabu saa kwa Kiswahili umejengwa juu ya msingi huo: hesabu ya saa za mchana huanza kunapopambazuka, na hesabu ya saa za usiku huanza jua linapotua. Majira nayo hutajwa kwa mvua na pepo, yaani masika na vuli, kaskazi na kusi. Hakuna msimu uliopewa jina kwa sababu ya giza.

Mjini London mambo ni tofauti. Siku fupi kabisa ya mwaka, ambayo huangukia tarehe 21 au 22 Desemba, mchana wake haufikii muda wa saa nane. Kwa kuwa Dar es Salaam iko mbele kwa saa tatu wakati huo, jua huzama katika miji hiyo miwili kwa kupishana takriban robo saa tu. Lakini lile la Dar es Salaam huwa limechomoza saa tano kabla ya lile la London. Mwezi Juni hali hugeuka, na mchana wa London hupindukia saa 16 na nusu.

Kwa Waislamu, mabadiliko hayo huonekana dhahiri katika nyakati za ibada. Mwezi Desemba, sala za adhuhuri, alasiri na magharibi mjini humo huingia zote ndani ya muda wa saa nne hivi. Ramadhani ilipoangukia mwezi Juni, kama ilivyokuwa mwaka 2016, waliofunga walikaa takriban saa 18 bila kula wala kunywa.

Saa iliyo ndani ya mwili

Wanasayansi wanaeleza kwamba ndani ya ubongo wa binadamu mna kiungo kidogo kinachofanya kazi mfano wa saa. Kiungo hicho huuelekeza mwili lini ulale, lini uamke na lini uhisi njaa, na kila siku hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walibainisha kuwa jicho lina chembe maalumu zinazohisi mwanga ambazo kazi yake kubwa ni kuiarifu saa hiyo kama kumekucha au kumekuchwa.

Giza linapoingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini ambayo huuandaa kwa usingizi. Mwanga wa asubuhi huizuia. Mtu anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko, akashinda kazini chini ya taa hafifu, kisha akarejea usiku umekwisha kuingia, huweza kupitisha siku kadhaa bila saa yake ya ndani kupata taarifa sahihi. Hiyo ndiyo hali ya wafanyakazi wengi wa zamu, wakiwemo wahudumu wa hospitali, walezi wa wazee na wafanya usafi, kazi ambazo wahamiaji wengi huzifanya.

Unyonge uliopata jina

Mwaka 1976, daktari kijana wa magonjwa ya akili, Norman Rosenthal, alihama kutoka Afrika Kusini, nchi yenye jua jingi, na kwenda New York. Majira ya baridi yalipowadia alihisi nguvu zimempungua na kazi zikimlemea. Majira ya kuchipua yalipofika, uchangamfu wake ulirejea. Mwaka 1984, akiwa mtafiti katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, yeye na wenzake walichapisha maelezo ya hali hiyo, ambayo leo inatambuliwa kuwa ni aina ya sonona inayofuata majira.

Dalili zake zinajulikana. Mgonjwa hulala sana lakini huamka akiwa bado amechoka. Hutamani vyakula vya wanga na vitu vitamu, huongezeka uzito, hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda na huepuka watu. Hali hiyo huanza wakati wa vuli ya Ulaya au Marekani na kuondoka jua linaporejea, mwaka hadi mwaka. Wapo pia wachache ambao hupatwa na sonona wakati wa kiangazi. Hao hukosa usingizi, hukosa hamu ya kula na huwa na wasiwasi mwingi.

Katika familia za wahamiaji, dalili hizo ni rahisi kueleweka vibaya. Anayeacha kupiga simu nyumbani huambiwa ameringa. Asiyeamka mapema huitwa mvivu. Asiyehudhuria tena harusi na mazishi ya wenzake hudhaniwa kuwa amejitenga na jamii. Wengine hushuku kwamba wamerogwa. Lawama hizo humwongezea mgonjwa mzigo, na humchelewesha kumwona daktari kwa tatizo ambalo lina tiba.

Miongoni mwa tiba zinazotumika ni taa maalumu yenye mwanga wa laksi 10,000, ambayo mgonjwa hukaa mbele yake kwa takriban nusu saa kila asubuhi. Kwa kulinganisha, ofisi ya kawaida huwa na laksi mia chache tu, ilhali nje, hata siku yenye mawingu, mwanga huwa mwingi zaidi ya huo mara nyingi. Yapo pia mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, pamoja na dawa. Wenye maradhi ya macho, au ugonjwa wa akili unaomfanya mtu achangamke kupita kiasi kisha azame katika huzuni, hushauriwa kumwona daktari kabla ya kutumia taa hizo.

Mji usioona jua

Si kila aishiye gizani huwa na huzuni. Mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, uko ndani ya duara la Aktiki, na kwa takriban miezi miwili, tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, jua halipandi juu ya upeo wa macho. Saa chache za mchana huwa na mwanga wa buluu mfano wa alfajiri, kisha usiku hurudi. Kinyume chake, tangu mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Julai jua halitui, na wakazi hulazimika kutundika mapazia mazito ili wapate usingizi.

Mtafiti wa saikolojia kutoka Marekani, Kari Leibowitz, aliishi huko kwa mwaka mmoja kuanzia 2014 kuchunguza jinsi watu wanavyoyastahimili majira hayo. Yeye na mwenzake wa Norway, Joar Vittersø, waligundua kwamba wakazi wa maeneo ya kaskazini zaidi, ambako giza ni refu zaidi, ndio walioyatazama majira ya baridi kwa mtazamo mwema zaidi. Watu hao waliyaona kuwa wakati wa kuwasha mishumaa, kukutana na marafiki na kuteleza kwenye theluji. Jua linaporejea mwezi Januari, watoto wa Tromsø husherehekea na watu hula maandazi maalumu ya siku hiyo.

Mji mwingine wa Norway, Rjukan, umo katika bonde lenye kina ambalo milima hulinyima jua kwa karibu nusu mwaka. Mwaka 1928 kampuni iliyojenga mji huo iliwawekea wakazi chombo cha kupanda mlimani kwa waya ili wakaote jua. Mwaka 2013 vioo vitatu vikubwa viliwekwa juu ya mlima ili kuelekeza miale ya jua kwenye uwanja wa mji.

Waswahili husema hakuna marefu yasiyo na ncha. Lakini watu wa kaskazini hawakungoja tu ncha ya giza ifike. Wameipanga miezi hiyo kwa namna ya kuweza kuishi ndani yake.

Joto linapogeuka hatari

Baada ya giza hilo, kiangazi hupokewa Ulaya kama mgeni wa heshima. Bustani hujaa, na watu huketi nje hadi usiku. Lakini furaha hiyo sasa imechanganyika na hofu. Wimbi la joto la mwaka 2003 lilihusishwa na vifo vya watu wapatao 70,000 barani humo, wengi wao wakiwa wazee. Tarehe 19 Julai 2022, Uingereza ilivuka nyuzi joto 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake. Nyumba nyingi za huko zilijengwa ili kuhifadhi joto, na chache zina viyoyozi.

Nchini Oman, ambako Kiswahili kingali kinasemwa katika familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na mwambao, joto si jambo geni. Katika mji wa Quriyat, mwezi Juni 2018, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42 mchana na usiku mzima. Tangu Juni hadi Agosti, sheria hukataza kazi za nje kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana. Maisha huhamia usiku, na wenye uwezo husafiri hadi Salalah, kusini mwa nchi, kufuata ukungu na manyunyu.

Huko ndiko linakojitokeza jambo la kushangaza: licha ya jua hilo lote, upungufu wa vitamini D ni tatizo la kawaida katika nchi za Ghuba, kwa sababu watu hulikimbia jua. Mkazi wa Muscat mwezi Julai na mkazi wa Tromsø mwezi Desemba wote wawili hushinda ndani.

Ushauri wa wataalamu

Kwa watu wenye ngozi nyeusi wanaoishi kaskazini, vitamini D ni suala la kutiliwa maanani zaidi. Weusi wa ngozi ni kinga dhidi ya jua kali, lakini penye jua dhaifu huifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo polepole. Nchini Uingereza, jua la kati ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi halina nguvu ya kutosha kuitengeneza. Mamlaka za afya za nchi hiyo huwashauri watu wote wafikirie kutumia maikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na wenye asili ya Afrika mwaka mzima. Finland huongeza vitamini hiyo katika maziwa.

Mengine hayahitaji fedha. Wataalamu hushauri kutoka nje mapema iwezekanavyo baada ya kupambazuka, hata kwa matembezi mafupi, kuketi karibu na dirisha, kulala na kuamka kwa saa zile zile, na kutokatiza mazoea ya kutembeleana. Kwenye joto kali, matembezi hayo huhamishiwa alfajiri, na wazee wanaoishi peke yao hujuliwa hali kila siku.

Iwapo huzuni inadumu zaidi ya wiki mbili, au mtu anaanza kuona maisha hayana maana, hapaswi kungoja majira yabadilike. Amwone daktari, na wa karibu naye wamsindikize.