Mkasi Jikoni

Katika jiko la arusi moja huko Kibokoni, Mombasa, palipokuwa na mabibi wasiopungua kumi wakizunguka masufuria ya pilau, niliona jambo dogo ambalo tangu siku hiyo limekataa kunitoka moyoni. Bibi mmoja aliyepita miaka sabini, mzaliwa wa mji huo ambaye sehemu kubwa ya umri wake ameimaliza London, alipewa mfuko wa viazi avimenye. Naye, kabla hajatazama kama mfuko ule umefungwa au u wazi, akatia mkono katika mkoba wake akatoa mkasi. Kisu kilikuwa mbele yake, juu ya sinia. Wenziwe walicheka kwa mapenzi, na mmoja akamwuliza kama amekuja kushona, yeye akautazama mkasi ule kitambo, kama mtu aliyejikuta amevaa kiatu cha mwingine, kisha akaniambia mimi niliyekuwa karibu naye, "Mkono huu umefundishwa, mwanangu. Si mazoea yangu haya, ni ya mkataba."

Neno hilo la mkataba, kusikika katikati ya moshi wa kuni na harufu ya bizari, ndilo lililonipeleka kwake siku ya pili, tukakaa barazani tangu alasiri hata adhana ya magharibi. Kazi yake kwa karibu miaka thelathini ilikuwa kupika katika shule za serikali za London, na alipoanza, muda mfupi kabla ya sheria iliyobadili mambo, jiko lilikuwa mali ya halmashauri ya mtaa na wapishi walikuwa waajiriwa wake. Viazi, alinieleza, vilikuja kwa magunia vikiwa na udongo wake. Saa moja u nusu ya asubuhi vilitiwa katika mashine iliyovizungusha na kuvikwaruza maganda. Lakini mashine haina macho, na kiazi kina macho mengi, kwa hiyo wanawake watano walilizunguka karai kubwa la maji, kila mmoja na kisu chake kifupi chenye ncha, wakiyatoa madoa meusi moja baada ya moja, na huku wakisimuliana habari za watoto wao, na za watoto wa shule pia: nani hakula jana, nani amefiwa, nani aongezewe kijiko bila ya kuulizwa. Karai lile, kwa maneno yake, lilikuwa madrasa. Msichana aliyeajiriwa Jumatatu akiwa hajui kushika kisu, hata kufika mwisho wa mwezi alikuwa anajua kukata kitunguu na kupima chumvi kwa vidole, na hapakuwa na mtu aliyesema kwamba anafundisha.

Habari ya sheria yenyewe nitaipitia kwa mukhtasari. Bunge la Uingereza liliziruhusu halmashauri kuwalisha watoto shuleni mwaka 1906, likaifanya kazi hiyo kuwa wajibu mwaka 1944, na mwaka 1980 likauondoa wajibu huo, isipokuwa kwa watoto wa maskini, pamoja na vipimo vya ubora wa chakula. Kisha, mwaka 1988, likaamuru kwamba upishi na usafi wa shule, pamoja na kazi nyingine kadha wa kadha, vitangazwe kwa zabuni, halmashauri ishindane na makampuni mithili ya mfanyabiashara yeyote, wala isiruhusiwe kuyatia katika mizani masharti ya kazi ya wafanyakazi wa yule anayeomba. Iliyobaki katika mizani ikawa bei.

Kampuni iliyolichukua jiko lake hakutaka kuitaja, nami sikumshurutisha. Wiki ya kwanza, alikiri, alifurahi. Viazi vilikuja vimemenywa, vyeupe, katika mifuko ya plastiki yenye maji. Baadaye vikaja kwa sura ya unga wa kuchanganywa na maji ya moto, na kuku akaja amesagwa na kufinyangwa vipande visivyokuwa na umbo la kiungo chochote cha kuku, vikitaka oveni tu. Mgongo ulipumzika. Ndipo siku moja visu vikakusanywa, vikahesabiwa, vikatiwa katika sanduku na kuchukuliwa, na mahali pake ukaletwa mkasi mmoja wenye mpini mwekundu, uliofungwa kwa kamba katika rafu ili usipotee. Kazi ikawa kukata pembe za mifuko. Alinipa mkono wake wa kulia niutazame: ubavuni mwa kidole cha shahada, mahali ambapo mgongo wa kisu hukandamiza, alisema palikuwa na sugu aliyoipata tangu usichanani kwa mamake, na sugu ile ililainika ikapotea, nyingine ikaota penye kifundo cha kidole gumba, mahali pa tundu la mkasi, nayo iko hata leo, ngumu na ya manjano, mfano wa punje ya mahindi. Niliigusa. Katika kazi yangu ya kuandika nimesoma mikataba mingi, lakini sijapata kuuona mmoja ulioandikwa mwilini namna ile.

Na kwa kuwa kukata mifuko si kazi ya saa sita, saa zikawa nne, na ujira ukafuata saa. Watano wakawa watatu. Wa kwanza kuondoka alikuwa mama wa Kiayalandi aliyekanda unga wa maandazi ya nyama kwa mkono, ambaye aliweza kujua kwa kuusugua baina ya vidole kama siku hiyo unataka maji zaidi. Sioni kama yupo aliyekusudia kumfukuza. Zabuni huorodhesha masufuria, sahani, saa na peni, na maarifa ya mama yule hayakuwa na mstari wake katika orodha, basi yalipotoka mlangoni hesabu ya kampuni haikupungua kitu, nayo ya halmashauri ikaonyesha faida.

Wanawake wa kazi hiyo hawakunyamaza wote. Huko North Yorkshire halmashauri, ili idara yake yenyewe iwashinde wafanyabiashara katika zabuni, iliwapunguzia wapishi wa shule ujira ukawa chini ya ule wa wanaume waliofanya kazi zilizokwisha kuhesabiwa kuwa na thamani sawa na yao. Wakaenda mahakamani, shauri likafika hata Baraza la Malodi, na mwaka 1995 wakapewa haki yao. Bibi yangu alizikumbuka habari hizo kwa furaha kana kwamba wale ni ndugu zake wa tumbo moja.

Mwaka 2005, mpishi mashuhuri Jamie Oliver alipoingia na kamera za televisheni katika jiko la shule ya Kidbrooke, Greenwich, umma ulistaajabu kusikia kwamba vitu vya kupikia chakula cha mtoto mmoja vilitengewa peni 37 tu. Watu zaidi ya 270,000 walitia sahihi zao katika ombi la kutaka chakula hicho kiboreshwe, na serikali ikaahidi pauni milioni 280, na kwamba isitumike chini ya peni 50 kwa mtoto wa shule ya msingi wala chini ya 60 kwa wa sekondari. "Walizipigia kelele peni," alisema bibi, "nao walikuwa na haki. Lakini habari za visu hakuuliza mtu."

Zabuni hazikuwa tena za lazima tangu mwaka 2000, na shule yake baadaye ikalirudisha jiko mikononi mwake. Visu vipya vikanunuliwa. Vijana wawili walioajiriwa katika zama za mkasi walivishika kama kalamu, na yeye, aliyebaki peke yake katika wale watano, ndiye aliyesimama nao juu ya karai. Viazi vilipopondwa kwa mkono, mtoto mmoja alivirudisha kwa sababu vilikuwa na vidonge, akadhani vimeharibika. Karoti zilirudi nzima sahanini. Nilimkumbusha wale mama wa Rawmarsh, huko Rotherham, ambao mwaka 2006 walikuwa wakiwapitishia wanafunzi baga na chipsi penye ua wa shule baada ya chakula kubadilishwa, nikitaraji atawalaumu; hakuwalaumu. Aliniuliza mtoto aliyelishwa kitu kimoja tangu ana miaka mitano anakosa nini akikitaka, nami swali hilo bado ninalo.

Liko na jingine. Januari 2021, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, makampuni ya upishi yalipewa kazi ya kuwapelekea watoto wa maskini vifurushi vya chakula nyumbani, na picha za vifurushi hivyo zikaenea: mkate, viazi viwili, karoti mbili, jibini kidogo, na katika baadhi yake nusu ya pilipili hoho iliyofungwa kwa plastiki, na samaki wa kopo aliyehamishiwa katika kimfuko cha kuwekea sarafu. Kampuni moja iliomba radhi. Bibi alizitazama picha hizo katika simu ya mjukuu wake, na lililomshika halikuwa uchache. Hoho ile imekatwa, alisema, na mkato ni safi, umepita katikati hasa. Kwa hiyo palikuwa na mtu aliyesimama mahali fulani, mwenye kisu kizuri na mkono unaojua, akaigawa mboga ya mtoto mmoja kwa watoto wawili.

"Alikuwa akiwaza nini?"

Sikuwa na jawabu. Alisema angependa kumwona mtu huyo, si kwa kumlaumu, bali amwulize alijifunzia wapi kukata, na ni nani aliyekuwa amesimama nyuma yake.